Goti jipya, na mto wa kulalia ulionirudisha nyuma

Nimeunda mashua kwa miaka 40 na zaidi hapa Lamu, sehemu kubwa nikiwa nimechuchumaa nakalafati, yaani naziba mianya ya mbao kwa pamba. Gegedu la goti la kulia likaisha, mfupa ukasagana na mfupa. Sindano zilinipa nafuu ya miezi, kisha nazo zikashindwa. Nikapasuliwa Mombasa, nikatiwa goti la chuma lenye plastiki ngumu katikati. Gharama yake ilikaribia bei ya mashua ndogo na injini. Bima ikabeba kiasi, kilichobaki wakabeba wanangu, Mungu awaweke.

Upasuaji wenyewe ulipita. Nilichomwa ganzi ya mgongo, na kesho yake asubuhi nikasimamishwa kwa fremu. Kabla ya hapo walinipima sukari, wakanipeleka na kwa daktari wa meno. Nilishangaa, meno na goti wapi na wapi? Kumbe vijidudu vya jino bovu huweza kusafiri na damu vikaenda kukaa kwenye goti jipya. Usilipuuze hilo.

Kilichoniumiza roho ni mto. Nilifikia kwa dada yangu, na kila aliyekuja kunijulia hali alinisukumia mto chini ya goti. "Kaka, ulaze mguu upumzike." Na kweli unapumzika! Goti likikunjwa kidogo maumivu hupungua, kwa hiyo nikalala hivyo karibu wiki mbili, nikidhani nafanya la maana. Siku ya kutolewa nyuzi, binti wa mazoezi ya viungo akanilaza chali, akapitisha kiganja chake chini ya goti langu, kikapita chote bila kugusa. Akaniambia, "Baba, unavyolilaza ndivyo litakavyopona. Likipona limepinda, utachechemea." Usiku ule sikupata usingizi.

Mto nikautupa. Nikakunja taulo nene, nikaliweka chini ya kisigino, goti likabaki hewani bila kitu chini yake. Hapo nakaza paja, nasukuma goti liende chini, nahesabu mpaka tano, naachia. Dakika kumi, mara kadhaa kwa siku. Lilichoma mpaka jasho likanitoka. Ila mimi ni fundi, siwezi kufanya kazi nisiyoipima. Nikamtuma mpwa wangu aninyolee kabari ya mbao, nyembamba mbele, nene nyuma. Kila asubuhi mguu ukiwa umelala kitandani naisukuma chini ya goti mpaka ikwame, pale ilipokwama napiga alama ya penseli. Alama zikawa zinasogea kuelekea ncha, kila siku upana wa unyasi. Wiki ya tano haikuingia ila ncha. Niliibusu ile kabari.

Kukunja kulikuja kwenyewe zaidi, kwa kukaa kitini na kuvuta mguu nyuma.

Wakaja na watu wa kunishauri mafuta ya simsim ya moto na ukandaji. Nilikataa katakata, kidonda hakijafunga utakandaje? Tena nilikuwa kwenye dawa ya kuzuia damu isigande, na hospitali walinionya: shavu la mguu likivimba na kuuma, usimwite mkandaji, rudi upesi.

Safari ya kurudi nyumbani niliipanga kwa kufuata mwezi wa angani na maji ya bahari. Wanangu walitaka kunikatia tikiti ya basi Jumatatu moja, nikahesabu, nikawaambia hapana: tutafika Mokowe, gati ya bara tunakopandia boti ya Lamu, maji yamekupwa, na mimi siwezi kushuka ngazi zile zenye ukoga. Nikangoja bamvua, yaani maji makubwa, siku mbili baada ya mwezi kuandama, maji yanapojaa saa kumi na kitu jioni. Tukafika yamejaa tele, ukingo wa boti uko sawa na gati. Nikatia mguu mmoja, kisha wa pili, kama ninayevuka kizingiti. Upande wa Lamu vilevile. Nahodha akanitazama, akasema, "Mzee, wewe bahari hujaisahau."

Ngazi za nyumba zetu ndizo refu. Mguu mzima hutangulia kupanda, wa goti jipya hutangulia kushuka, na mkongojo hukaa mkono wa upande wa mguu mzima. Mwezi wa kwanza nililala ghorofa ya chini, kitanda kikateremshwa.

Kuchuchumaa nimeacha. Naswali kitini, na pwani nimejichongea kibao kirefu cha kukalia. Wiki jana nilikaa juu yake toka asubuhi hadi adhuhuri, mjukuu akishindilia pamba kwenye mianya ya mbao nami nikimwonyesha pa kugonga.