Kumbe "arusi" ni mtu!

Jana Ngamiani, kwenye kikao cha harusi ya binamu yangu, ukazuka ubishi wa kadi: tuandike "bwana harusi" au "bwana arusi"? Habari ya michango ikasahaulika, mweka hazina kanuna. Mjomba, aliyesoma Kiarabu, akatuambia asili yake ni "arus", na huyo ni mtu, hasa bibi harusi mwenyewe. Sherehe yenyewe Waarabu huiita "urs". Sisi tumebeba jina la mtu tukaipa shughuli nzima, na pilau lake!

Mjomba akaendelea: "mume" na "mke" ni maneno ya Kibantu, yetu wenyewe. Mume ni ndugu wa "dume" na "ndume". Ndiyo maana wazee husema mkono wa kuume, yaani wa kulia. Wa kushoto ni mkono wa kike. Hapo shangazi akadakia, "Kaka, kwa hiyo sie ndio wa kushoto?" Mjomba akaomba kahawa nyingine.

Mimi nalipenda "mwenzi", halina kulia wala kushoto. Ila lichezee kidogo, useme "mke mwenza", uone nyumba inavyowaka.

Kadi zimeenda na h. Mchapaji alishaanza kazi.