Nilivyoifuata merikani mpaka Salem

Safari ya kwanza nilikosea mwezi. Oktoba, Salem, mji wa pwani ya Massachusetts, Marekani, ni mji wa wachawi: treni ya kutoka Boston imejaa watu wenye kofia za ncha, mitaa haipitiki, foleni ya kahawa tu inakumalizia asubuhi. Mwaka 1692 watu 19 walinyongwa kwa kusingiziwa uchawi, na mzee Giles Corey akakandamizwa kwa mawe mpaka roho ikamtoka. Leo msiba huo ndio biashara. Mimi lakini hadithi za wachawi nimekulia nazo Unguja. Nilichofuata ni kitambaa.

Bibi yangu, Makunduchi, kitambaa chochote cha pamba kisichotiwa rangi hukiita merikani. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikang'amua kwamba ni "Marekani" hiyo hiyo, na kwamba meli nyingi zilizokileta Zanzibar zilitoka Salem.

Nikarudi Machi, siku ya kazi. Nusu saa ya treni, kisha miguu mpaka Derby Wharf, gati linaloingia baharini karibu nusu maili, na taa ndogo ya mabaharia mwishoni. Hapakuwa na mtu ila mzee na mbwa wake. Upepo ulinipiga nikajuta kuacha skafu. Nyuma yangu Nyumba ya Forodha ya 1819, na tai wa dhahabu juu ya paa.

Kwa wenyeji nilikuwa naulizia Zanzibar, wananitazama tu. Mpaka nilipomtajia mama mmoja wa makumbusho sandarusi, yaani kopali, utomvu wa miti ulioganda ardhini, uso ukamchangamka. "Ya vanishi!" Akanieleza kuwa iliyochimbwa Mrima, pwani ya bara mkabala na Unguja, ilisafishwa hapa hapa Salem, kwenye kiwanda cha Whipple. Tangu hapo nikiingia mji wowote naulizia bidhaa kwanza, nchi baadaye.

Mengine yakafuata yenyewe. Mkataba wa biashara wa Seyyid Said, mtawala wa Zanzibar, na Wamarekani ni wa 1833. Balozi wao mdogo wa kwanza Unguja, Richard Waters, aliyeanza kazi 1837, alikuwa mtu wa Salem. Pembe za ndovu na ngozi zilikuja huku, nguo zikaenda kwetu. Kiwanda cha pamba cha Naumkeag nacho kilikuwa hapa, kando ya maji. Moto wa 1914 ulikiteketeza, kikajengwa upya, na sasa majengo yake ni maofisi. Merikani yenyewe ilishayumba zamani, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza 1861, vilipokausha pamba ya kusini na nguo za Wahindi na Waingereza zikapata mwanya.

Nikampigia bibi pale pale gatini.

"Shikamoo bibi. Niko inakotoka merikani."

"Marahaba mwanangu. Haya, nitafutie jora moja."

Nikazunguka maduka yote ya Essex Street. Nilichoambulia ni fulana ya mchawi juu ya fagio, na bado sijathubutu kumtumia.