Harufu ya ndimu na pesa ya Bagamoyo

Leo binti yangu amekamulia ndimu changu wa kukaanga, na ile harufu imenirudisha Bagamoyo, kwenye ile pesa ya shaba, sarafu ya zamani.

Bahari ilikuwa imeifukua masika yale, jirani na soko la samaki. Ilipofika kwangu ilishasuguliwa kwa ndimu na majivu, upande wa maandishi umekuwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Ndimu haichagui: inakula kutu ya kijani, inakula na ule utando wa kahawia ulioshikilia chapa. Shaba iliyotoka baharini iloweke kwenye maji ya mvua, uyabadilishe kila siku hadi chumvi itoke, maana chumvi ikibaki ndani itaendelea kuila. Mchanga uchokoe kwa kijiti cha meno, kamwe si kwa sindano.

Upana milimita 25, uzito haufiki gramu 6. Vipimo havikunisaidia kujua ilitolewa na nani. Robo ana ya India, pesa ya Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, na pesa ya Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki zinakaribiana mno, kwa kuwa zote zilikwenda 64 kwa rupia moja.

Mimi na mjomba tukafunga madirisha. Nikailaza tochi juu ya meza, mwanga upite ubavuni mwa sarafu, si kutoka juu. Pakatokea kitu kimesimama katikati, na vingine viwili vinaning'inia huku na huku.

"Mizani hiyo," akasema mjomba. "Pesa ya Barghash."

Nami nikakubali. Kisha nikaanza kuizungusha polepole, kama robo ya mzunguko, na kivuli kikahama. Kamba za mizani huachana chini kwenye kitanga, zikakutana juu. Mistari hii ilianzia katikati, ikatawanyika kuelekea ukingoni, mmoja baada ya mwingine, kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Yalikuwa manyoya. Tai wa pesa ya Wajerumani huisha kifuani kwanza, kwa sababu ndipo palipoinuka. Ncha za mbawa husalimika kwa kukingwa na ukingo.

"Basi ya Mjerumani," akasema mjomba, taratibu.

Ukabaki mwaka. Ule wa Kizungu, upande wa tai, ulishafutika. Kwa Kiarabu tulisoma 130, halafu mstari mmoja ulioinamia kulia. Pesa za kampuni ni za 1307, 1308 na 1309 Hijria, yaani 1890 hadi 1892. Tisa ina kichwa, hiyo tukaiondoa. Saba hufunguka juu (٧), nane hufunguka chini (٨). Mstari ule ungeweza kuwa mguu wa kulia wa saba, au wa kushoto wa nane.

Nikafunika sarafu kwa karatasi nyembamba, nikapitisha penseli juu yake. Karatasi ninayo hadi leo. Mjomba alisoma saba. Mimi kila nikiitazama naona nane, na pale ulipokuwa mguu wa pili ndipo ndimu ilipopita zaidi.