Kiima Kinapojificha

Mpwa wangu wa kidato cha pili aliniletea daftari lake jana usiku. Alikuwa ameandika “The box of mangoes are heavy,” na hilo “are” limekatwa kwa wino mwekundu bila maelezo. “Mjomba, kwani maembe si mengi?” Swali la haki kabisa.

Nikamwambia aseme kwa Kiswahili kwamba mzigo huo umefika. Akajibu papo hapo: sanduku la maembe limefika. Hakusema yamefika. Kile kiambishi li- kilimwonyesha kiima (kwa Kiingereza, “subject”) ni kipi, na maembe yakabaki kuwa maelezo ya sanduku.

Kiingereza hakina ukarimu huo. Ukisema “arrived,” kitenzi hakikwambii kilichofika ni sanduku au maembe. Alama zilizobaki ni chache: ile -s ya nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo, na maumbo ya “be” kama “was” na “were”. Ndiyo maana inaniuma watoto wanapofundishwa kwamba kiima ni nomino ya kwanza. Katika “On the roof sits a cat,” nomino ya kwanza ni paa, ila aliyekaa ni paka.

Njia ninayoiamini ni kuongeza kiulizo kifupi mwishoni: “The box of mangoes is heavy, isn't it?” Hiyo “it” inarejelea sanduku. Ingekuwa maembe, tungesikia “they”.

Halafu akaniuliza kuhusu “There are two chairs in the room.” Hapa wataalamu wenyewe wanavutana kuhusu kiima ni kipi. Wengi shuleni hushika “chairs”, kwa kuwa “are” inafuata wingi wake. Lakini kiulizo chake ni “aren't there?”, na ukiuliza, “there” ndiyo inayopishana na kitenzi: “Are there two chairs?” Wanaisimu Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika kitabu chao cha sarufi ya Kiingereza cha mwaka 2002, wanasema kiima ni “there”. Niko upande wao, ingawa katika kuchagua “is” au “are” mwanafunzi lazima atazame viti.

Mpwa wangu akafikiri kidogo, akasema: “Hata sisi tunasema chumbani kuna viti viwili. Hatusemi vina.” Kweli, ku- ile ni ya mahali, viti havikuitoa. Sikuwa nimemdokezea. Kesho anataka tuangalie “It is raining”, maana kwetu mvua hunyesha yenyewe.