Nilivyopata miaka ya klabu ya muziki ya mtaani bila kumuuliza mtu tarehe

Kila niliyemwambia naandika historia ya klabu alinipa ushauri uleule: waulize wazee ilifunguliwa lini na bendi gani ilipiga mwaka gani. Ushauri mbovu! Aliyecheza muziki hadi alfajiri hakumbuki mwaka. Anakumbuka nani aliimba, nani alishika gitaa la solo, jukwaa lilikuwa upande gani. Muulize hayo. Miaka niliitoa kwenye vyombo.

Picha ya jukwaani itazame kwa kioo cha kukuzia, uanze na kinanda. Yamaha DX7, ile ya kahawia yenye vibonye bapa vya kijani, ilitoka 1983; Roland D-50 ni 1987, Korg M1 ni 1988. Ukiiona DX7, picha si ya kabla ya 1983, hata mwenyewe aape. Shure SM58 isikupotezee muda: kipaza sauti hicho kipo tangu 1966 na hadi leo kinatengenezwa. Chombo hukupa mwaka wa kuanzia tu, maana bendi hukaa na kinanda kimoja hata miaka kumi. Kikomo cha pili, yaani mwaka ambao picha haiwezi kuupita, kitafute kwenye jengo: dari iliyobadilishwa, nguzo iliyobomolewa.

Utamu wenyewe uko kwenye kaseti. Nyingi zilirekodiwa kwa redio kaseti ya betri, na betri zikichoka mkanda huenda polepole. Ukiupiga leo kwenye mashine nzima, muziki unakimbia na sauti inapanda. Mwimbaji mtu mzima anasikika kijana, na wazee wanakutajia jina la mtu mwingine kabisa. Dawa ni mngurumo wa amplifaya za jukwaani. Penye umeme wa hezi 50 (mitikisiko 50 kwa sekunde), mngurumo nao ni hezi 50, na umo ndani ya rekodi. Ifungue kwenye programu ya sauti inayoonyesha spektramu, yaani mchoro wa sauti kwa hezi zake, utafute mstari ulionyooka chini kabisa. Ukiukuta kwenye 52, mkanda unakimbia kwa asilimia 4, yaani zaidi ya nusu ya semitoni, ile hatua ya kutoka kibonye kimoja cha kinanda hadi cha jirani. Shusha kasi na sauti kwa pamoja hadi asilimia 96.15. Pima tena kila baada ya dakika kumi, kwa kuwa betri ziliendelea kuchoka. Mstari ukiganda kwenye 50 barabara hata mkanda ukisimama, huo ni wa mashine yako, si wa ukumbini. Na usiku wa jenereta mbinu hii usiiamini, hezi zake huyumba.

Rekodi ikishanyooka ndipo uwapelekee wazee. Majina yanatoka moja baada ya jingine, na kwa majina unapanga safu za bendi: nani aliingia, nani alihama.

Maandishi ya lebo niliyaamini tu pale vijipembe vya nyuma ya kaseti vilipokuwa vimevunjwa. Vikiwa vizima, mtu yeyote angeweza kurekodi juu yake, lebo ikabaki ya zamani.