Kumbukumbu ya mradi: mkunjo wa mtandio umekubali kujaa

Mkunjo wa pembeni wa mtandio umejaa bronzi wote, toka kiganja cha kushoto hadi ncha, na mikunjo ya vazi la ndani inasomeka vizuri. Huu ndio uliokwamisha nakala yangu ya sanamu ndogo ya bronzi ya mcheza dansi aliyejifunika mtandio, yule wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York: karne ya 3 au 2 KK, sm 20.5, anayesemekana kutoka Alexandria. Yeyote aliyemtazama anaelewa shida. Mwili mzima umesemwa na kitambaa kinachovutwa kwa mkono wa kulia, kiganja cha kushoto na mguu. Mkunjo ukikatika, hakuna mchezo uliobaki.

Nasubu kwa nta: sanamu naiumba kwa nta, naifunika kwa kalibu, nta inayeyushwa tanurini itoke, na bronzi iliyoyeyuka inaingia mahali pake. Mkunjo una unene wa mm 1.5. Nilipomimina kupitia kichwani, bronzi ilipita kifuani kwanza ikapoteza joto, ikafika pembeni nzito kama uji, ikaganda kabla ya kuungana. Kuongeza joto la bronzi peke yake hakukusaidia: kwa nyuzi 1200 za Selsiasi ilinyonya gesi zaidi, mgongo ukatoka na vitundu.

Kilichotibu ni mambo matatu kwa pamoja. Sanamu sasa inasimama kichwa chini, bronzi inaingia kupitia nyayo na pindo. Mrija wa pili wa mm 6 unalisha mkunjo moja kwa moja, na vijirija vitatu vya hewa vya mm 2 vinaanzia kwenye ukingo wake vikipanda juu. Tatu, na hili ndilo kubwa, kalibu inamiminiwa ikiwa bado na nyuzi 450 hadi 500, si baada ya kupoa. Bronzi ilikuwa 1150.

Nta pamoja na mirija ilikuwa gramu 310. Gramu moja ya nta hudai gramu 9 na ushei za bronzi, hivyo, pamoja na ziada kidogo, niliyeyusha kilo 3.2: shaba kilo 2.88, bati gramu 320. Bati liingie mwisho, shaba ikishayeyuka, la sivyo linaungua bure. Kalibu ni plasta, unga wa silika na vigae vilivyosagwa, kipimo sawa kwa sawa. Tabaka la kwanza kwa brashi. Tanuri isipite nyuzi 730: plasta huanza kuvunjika na salfa yake hula uso wa bronzi.

Kuhusu vifaa: kipimajoto cha waya cha aina ya K ni lazima. Wanaosoma rangi ya moto kwa macho nawaheshimu, ila mchana wa jua rangi hudanganya. Kalamu ya umeme ya kuchongea nta sioni faida yake kwenye mikunjo; vijiti vya daktari wa meno vilivyopashwa moto huacha ukingo mkali zaidi.

Nilipanga hatua inayofuata iwe kuipaka sanamu rangi ya kijani. Inasubiri, kwa sababu akili imehamia kwa sanamu nyingine ya bronzi, kijana Mwafrika mpiga muziki aliyepatikana Chalon-sur-Saône, Ufaransa, sasa yuko Paris, Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Ala yake imepotea. Mikono imebaki ikishika hewa, na kiuno kilichopinda ndicho kinachopiga muziki. Nataka kusubu ala peke yake, kisha niiunge kwa pini ya shaba ya mm 2. Nta ya mikono nimeianza. Vidole naviacha na unene wa mm 3, nitavipunguza kwa tupa baada ya kusubu.