Ile ya mataa ama vipande vipande

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alihamia nyumba yake ya kwanza, bedsita huko Zimmerman, na kabla hata hajanunua meza akanitumia picha kwa WhatsApp. "Anko, hii ni poa?" Ilikuwa sistimu ya muziki, ile kubwa ya kila kitu ndani moja, spika mbili zinamfika mtu kiunoni, mataa ya bluu na nyekundu yanazunguka kwa wufa, zile spika kubwa za besi, na kwa katoni wameandika 12,000W kwa rangi ya dhahabu. Elfu thelathini na mbili. Nikamwambia usilipe hata shilingi, ningoje Jumamosi tushuke tao pamoja.

Luthuli, ile barabara ya maduka ya spika Nairobi, Jumamosi asubuhi unaijua, kila duka limetoa spika mlangoni na kila spika inapiga ngoma yake. Muuzaji alikuwa mtu mpole sana, akatuwashia, besi ikatugonga kifua na kijana akafurahi mpaka nikamwonea huruma. Mimi nikaomba kitu kimoja tu, aigeuze tuone mgongo. Pale chini karibu na mahali waya wa stima unaingia kuna kibandiko kidogo cha rangi ya fedha, watu wengi hawakisomi. 240V, 50Hz, 110W. Mia moja na kumi. Hiyo ndio stima mashine inavuta kwa matumizi ya kawaida, na hata ukiiongezea vile vishindo vya ghafla vya ngoma huwezi kufika hiyo elfu kumi na mbili. Hebu fikiria, plagi zetu zina fyuzi ya ampea 13, mara volti 240 unapata wati 3,120 basi, hapo ndio mwisho wa kile plagi imeruhusiwa kupitisha. Birika la stima la kuchemsha maji ya chai linavuta elfu mbili na kitu. Sistimu ya wati 12,000 ingekuwa inakula stima ya birika tano ama sita zote zimewashwa pamoja! Hiyo namba ya katoni inaitwa PMPO na ni ya kuuzia tu, ukitaka ukweli uliza RMS, yaani wati ambazo mashine inaweza kutoa mfululizo, na muuzaji akikwambia hajui soma kibandiko.

Na hapa kuna jambo linanigusa sana, kwa sababu vijana wanatoa pesa ya jasho wakidhani wananunua nguvu. Nguvu ya nyumbani ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Spika ya kawaida ukiipa wati 1 peke yake, ukikaa mita moja nayo, inatoa kama desibeli 86 mpaka 90, na hiyo tayari ni sauti ya kukufanya upaze yako ukiongea. Kila ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za juu. Kuna amplifaya, ile mashine ya kuzipa spika nguvu, ya kampuni ya NAD, ile 3020 iliyotoka 1978, ilikuwa ya wati 20 kila upande na mpaka leo watu wanaitafuta. Ishirini! Kwa bedsita yenye ukuta mmoja kati yako na mtoto wa jirani, ishirini zinatosha na zinabaki.

Lakini sababu yangu kubwa ya kupenda vipande, yaani amplifaya kivyake na spika kivyake, si wati, na wala si sauti. Ni vile vitu hufa.

Miaka hiyo ya hom thieta mimi pia nilinunua. Spika tano ndogo, sabwufa moja, na katikati lile sanduku mama lenye DVD, redio na amplifaya vyote tumboni. Nilikuwa nakaa Donholm, nililipa kwa miezi minne, na kwa miaka mitatu hivi nilikuwa mtu mwenye raha. Kisha DVD ikaanza kukataa kusoma, ukiweka sidii inazunguka inalia kidogo inatema. Sawa, nikawa natumia AUX, ile soketi ya kuchomeka simu. Halafu stima ikapotea jioni moja ya mvua na iliporudi ilirudi na nguvu yote, na ule mwili wa katikati ukazima kabisa. Fundi akafungua, akanusa, akaniambia bodi imeenda na bodi ya modeli hiyo haipatikani, nikitaka nikanunue nyingine nzima. Sasa zile spika tano na sabwufa zilikuwa nzima kabisa, hazina hata mkwaruzo. Nikajaribu kuzihamishia amplifaya ya rafiki yangu, wapi, plagi zake ni za kampuni yenyewe, za plastiki zenye rangi, haziingii kwa kitu kingine chochote. Nikakata plagi nikabaki na waya uchi, ndio nikaona nyuma ya spika wameandika ohm 3 na amplifaya ya rafiki imeandikwa isiwekewe chini ya 6, maana spika za ohm chache zinaivuta zaidi ya uwezo wake mpaka inachemka. Vitu vizima sita vikakaa chini ya kitanda miaka miwili kwa sababu kimoja kimekufa. Hiyo iliniuma, na bado nikiiona hom thieta dukani naikumbuka.

Nilipoanza upya nilianza na kimoja kimoja. Amplifaya ya ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, kwa elfu tisa na mia tano, nzito kama jiwe la kusagia, nyeusi, vifundo vitatu na swichi moja. Spika za ex-UK mwezi uliofuata, kabati za mbao, elfu saba. Simu yangu ndio ilikuwa redio na sidii na kila kitu. Usiku wa kwanza nikaunganisha, nikakaa, na sauti ikatoka ya ajabu, nyembamba, gitaa la besi halipo, mwimbaji hajulikani amesimama wapi, kama anaimba akiwa amekuzunguka. Nikaona nimeuziwa mbovu. Nikampigia fundi usiku huohuo, naye hata hakuuliza swali la pili, akasema, "Angalia nyekundu na nyeusi." Kwa spika ya kushoto nilikuwa nimepeleka waya nyekundu kwa nyeusi. Ukifanya hivyo spika moja inasukuma hewa mbele wakati nyingine inavuta nyuma, na ile besi inajiua yenyewe katikati ya chumba. Nikabadilisha, nikarudi kukaa. Rumba ya zamani ilikuwa inaendelea, na ghafla mwimbaji akasimama palepale katikati ya spika mbili, mahali ambapo hakuna kitu ila ukuta, gitaa la pili likawa kushoto kidogo, na la besi likaanza kutembea noti moja moja, kila noti na mwanzo wake na mwisho wake. Huo wimbo nimeusikia kwa matatu na kwa harusi tangu niko mdogo na sikuwahi kujua kuna gitaa la pili.

Tangu hapo vitu vimeharibika, ndio, ni vizee. Lile sponji la kuzunguka wufa lilioza likawa kama makombo ya mkate, fundi akabandika lingine na spika ikaendelea na maisha. Baadaye nikanunua mashine ya santuri, kwa sababu Kenyatta Market pale katikati ya nyama choma na wasusi kuna kibanda cha santuri, na nilikuwa nimechoka kupita nikiangalia tu. Hapo pia kuna jambo la kujua, sindano ya santuri inatoa umeme mdogo mno, milivolti chache tu, na besi hupunguzwa makusudi wakati wa kukata santuri ili mifereji isiwe mipana, kwa hivyo unahitaji soketi iliyoandikwa PHONO ambayo inaongeza nguvu na kuirudisha hiyo besi. Ukichomeka kwa AUX unapata sauti ya nzi ndani ya kopo. Amplifaya yangu ilikuwa nayo tayari, sikununua kitu kingine.

Sisemi ile ya pamoja haina mahali. Mamangu yuko Machakos na redio moja yenye kitufe kimoja na siwezi kumpelekea amplifaya na waya, atanitazama tu. Mtu anayehama kila miezi sita pia namwelewa. Na kuna sistimu ndogo za heshima, kama zile za Denon za D-M, ambazo redio, sidii na amplifaya ziko sanduku moja lakini spika zinafungwa kwa vifungo vya kawaida vya nyekundu na nyeusi, kwa hivyo siku sanduku likifa spika zinapata mume mwingine. Hicho ndicho kitu ningeangalia kwanza kabla ya rangi, kabla ya bei, geuza mgongo uone vifungo. Kama ni plagi za kampuni, mimi naondoka.

Mpwa wangu alinisikiliza ila bado alikuwa anaangalia yale mataa, na nilimwacha achague, ni pesa yake. Tulikunywa chai, tukarudi, tukapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili kwa jamaa wa ex-UK, akamwekea wimbo wa benga aliouchagua mwenyewe kwa simu yake. Alisikiliza kama dakika nne bila kuongea. Akauliza bei. Amplifaya elfu kumi na moja, spika elfu nane, waya wa shaba mita sita tukakatiwa kwa duka la vifaa vya stima, wa kawaida kabisa. Nikamwongezea kile kifaa cha kulinda stima ikirudi na nguvu, hiyo nililipa mimi.

Kwa matatu ya kwenda Zimmerman tulibeba spika moja kila mtu magotini na amplifaya ikalipiwa kiti. Meza bado hana. Spika ziko juu ya stuli mbili za plastiki, zile spika ndogo za juu zimelingana na masikio yake akiwa ameketi kwenye kitanda, na nimemwambia azivute mbele kutoka ukutani kama shubiri mbili kwa sababu zikigusa ukuta besi inavimba. Jana amenitumia picha nyingine. Amezivuta, lakini moja imeangalia mlango.